Baba Mkwe Analinda Mfereji, Wake Tunachota Tope

Mpendwa Mama Mshauri,

Nakuamkia huko Nairobi uliko, nikitumaini barua hii itakukuta na afya na usingizi wa kutosha, maana mtu anayebeba shida za nchi nzima sijui hulala saa ngapi. Huku kwetu upande wa Nyamira tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba watoto anakusalimu, mguu wake aliojikata kwa jembe tulipokuwa tunachimba mtaro wa maji umepona, ila baridi ikiingia anauzungumzisha kama mtu. Baba mkwe wangu naye ni mzima, tangu mama mkwe atutoke chakula chake hutoka jikoni kwangu, na ugali wa wimbi bado anaumaliza. Shemeji yangu mdogo Machogu anakusalimu kutoka Kericho kwenye chai, na mkewe Abigael, tuliyemleta juzi juzi na bado anaona haya hata mbele ya kuku, anakusalimu pia. Binti yangu Loice amerudi nyumbani kidogo na mtoto mchanga ili nimtunze, mtoto anaitwa Nehemiah, ana mashavu, na Loice mwenyewe mdomo ni ule ule, anamwita babu yake "mume wangu," naye babu anamwita "mke wangu asiyejua kupika," wanacheka kutwa huko nje mpaka namwambia Loice nyamaza, wewe ni mama wa mtu sasa. Jirani yangu Nyanchera anakusalimu ingawa hajui kwamba naandika. Na mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ndio hauna pa kukaa, na mwandiko huu unisamehe, kuandika nilijifunza ukubwani kwenye masomo ya ngumbaru, kwa hiyo nikikosea wewe soma tu kama nilivyotaka kusema.

Mama, shida yangu ni maji, na si kwamba hakuna maji, maji yapo, ndiyo aibu yenyewe.

Tangu niolewe hapa nimechota kwenye ensoko, ndiyo chemchemi yetu ya bondeni, ambako ng'ombe wanakunywa na sisi tunakunywa, mvua ikinyesha unabeba tope, unaliacha mtungini litulie, na bado watoto wanaugua matumbo, nimezika mmoja kwa ajili ya tope lile na Nyanchera naye amezika. Sasa likaja neno la harambee, afisa wa maji akatoka Kisii akasema juu kilimani kuna chemchemi nyeupe, serikali italeta mabomba ikiwa sisi tutachimba mtaro. Tukachimba! Mama, ungetuona ungelia. Tulifanya risaga, kazi ya ujima, kama zamani, kila mlango unatoa watu, wanaume wanapasua mwamba, wanawake tunabeba mawe na mchanga tukiimba, Waadventista tulipumzika Jumamosi wakachimba Wakatoliki, Wakatoliki walipumzika Jumapili tukachimba sisi, mtaro haukujua sabato ya mtu. Na siku maji yalipotoka kwenye mfereji wa chuma, meupe, yana baridi, nilinawa uso nikafikiri nimezaliwa upya.

Kosa lilikuwa mahali. Kamati yetu ni wanaume watupu, wakakaa wakasema mfereji uwekwe penye heshima, karibu na lango la baba mkwe wangu, kwa sababu ardhi ni yake na aliitoa bure, tena ni mzee asiyetoka, ataulinda watoto wasiuchezee na ng'ombe wasiuvunje. Sote tulipiga makofi, hata mimi, kwa mikono hii hii.

Kumbe tumejifungia mlango. Kwetu kuna jambo linaitwa chinsoni, ni haya iliyopo kati ya mkwe na mkwe. Baba mkwe hamshiki mkono mke wa mwanawe, haingii nyumbani mwake, na yule mke hainami mbele yake, hapandishi nguo, hacheki kwa sauti akiwa karibu. Na si mkwe wangu peke yangu, wanaume wa mlima huu wote ni ukoo mmoja, kwa hiyo wake wote wa hapa kwake ni wake za wanawe. Sasa yeye kazi ameipenda, kila asubuhi hutoa kigoda chake cha shanga akakaa pale pale penye mfereji na fimbo yake. Si mtu mbaya, Mama, usije ukamwandika vibaya! Akisikia mwanamke anakuja anakohoa, kisha anageuka, anampa mgongo, anatazama migomba mpaka aondoke, na anaamini heshima imetimia. Lakini mfereji uko chini, lazima uiname, ukunje nguo usiguse tope, umwite mwenzako akutwike debe, na mgongo wa mzee upo hapo, na mgongo una masikio.

Abigael alijaribu siku moja. Alisikia kile kikohozi, akarudi nyuma, akateleza, mtungi ukavunjika. Mzee kwa huruma akainuka, akamnyooshea mkono amwinue. Mkono, Mama! Msichana alikimbia mpaka shambani kwa watu, na mzee akabaki anauliza hewa, "Siku hizi maharusi wanaogopa maji?"

Basi mmoja mmoja tumerudi kwenye ensoko. Tunapita nyuma ya mashamba ya pareto kama wezi, tunachota tope, na nyuma yetu tunasikia maji safi yakidondoka bure. Hata Ijumaa ya matayarisho, ambapo zamani wanawake wote tulijazana kuteka maji ya Sabato, pale mferejini yuko mzee na inzi wake. Thadeus, mwenyekiti wa kamati, ametutukana mbele ya watu, "Nyinyi ni kama yule nguruwe wa Biblia, ameoshwa anarudi matopeni. Mmepewa maji, sasa mnataka mpewe na midomo ya kuyanywea?" Nyanchera kwa hofu akaropoka, "Maji yenyewe yananuka chuma." Wengine wakadakia, ndiyo, yananuka chuma. Afisa wa maji aliposikia alikuja akajaza chupa akaenda nayo kupima, na akasema akirudi baada ya kuvuna wimbi, akikuta mfereji hauna watu, mabomba yatang'olewa yapelekwe kwa wanaoyataka. Wimbi limeanza kukauka, Mama.

Nani aseme? Mimi siwezi kumwambia baba mkwe, kulisema ndiko kulivunja. Nilimwambia baba watoto, akatazama paa muda mrefu, akasema, "Nimwambie baba yangu nini? Kwamba wake zetu wanainama?" Akatoka nje hakurudi mpaka chakula kikapoa. Kamati hainisikii. Nisaidie, neno lisilosemeka linasemwaje? Jina langu lifiche, nakuomba.

Mimi mama mwenye wasiwasi,
Nyamira.

*

Mama mwenye wasiwasi,

Salamu za nyumba nzima zimefika, hata za Nyanchera asiyejua kwamba amenisalimu. Umeniomba nifiche jina lako kisha ukanitajia kijiji kizima, kwa hiyo nimewapa wote majina mengine. Tulia.

Pole. Nasema pole ya kweli, hasa kwa yule uliyemzika. Lakini pole imekwisha, sasa nakugombeza. Nyinyi mliopasua mwamba mnashindwa na kikohozi cha mzee mmoja? Na kwa nini mliyasingizia maji? Maji yamewakosea nini? Mmempa afisa wa watu chupa ya kubeba na safari ya bure, na kesho akiambiwa kweli maji ni mabaya atawafungia kabisa, mtakuwa mmejitia kitanzi kwa ulimi wenu. Mficha uchi hazai, mama, na nyinyi mmeuficha mpaka mkaufunika kwa uongo.

Chinsoni zenu siziingilii. Mimi si wa huko, lakini hata kwetu mkwe ni mkwe, na desturi inayomfanya mwanamume ageuze uso wake mwanamke apite si ya kutupwa jalalani. Ila desturi ikifunga mlango, huacha dirisha. Unaniuliza mimi, mtu wa mbali, nani aseme na mzee. Rudi kwenye salamu zako mwenyewe! Nani hapo nyumbani anamwita mzee "mume wangu"? Nani anacheka naye kutwa, wewe ukimwambia nyamaza? Loice ni mjukuu wake, hawaoneani haya, tena ni binti wa hapo, si mke wa mtu wa hapo. Umekaa na dawa chunguni, unaifunika kwa sababu inapiga kelele.

Mwache aseme. Lakini asiende kumfukuza mzee. Mtu aliyetoa ardhi yake bure hafukuzwi kama kuku aliyeingia jikoni. Mtafutieni mahali pakubwa kuliko pale. Umesema maji yanatoka kilimani. Huko juu, kwenye jicho la maji, analinda nani? Ng'ombe wa watu wakienda kukanyaga huko, hapo chini mtafungua mfereji mpate tope lile lile, na safari hii litakuwa limepita ndani ya chuma. Kichwa cha maji kinataka mzee. Mkia wa maji unataka wanawake.

Na mumeo aache kutazama paa. Kwa baba yake hawezi, nakubali. Kwenye kamati mdomo anao. Aseme kwamba wachotaji hawana hata mtu mmoja pale, na kwamba ndiyo sababu wamekosea mahali. Nyanchera naye aende mwenyewe kwa afisa, aseme maji hayanuki, apokee aibu yake mapema ikiwa bado ndogo.

Umelia vya kutosha. Mwite Loice leo hii, kabla hujaosha vyombo.

*

(Mama huyo ametuandikia tena.)

Mama Mshauri mpenzi,

Salamu tena kutoka kwa wote, na yale majina uliyotubandika gazetini yamependwa, binti yangu sasa haitiki jina la ubatizo, ni Loice tu, Loice, na mume wake amekuja kumchukua akamkuta mke ana jina jipya. Abigael anakusalimu, ameanza kuongea. Nyanchera anakusalimu, safari hii anajua.

Nilifanya ulivyosema. Vyombo niliviacha na masizi yake. Loice aliponisikiliza alinishangaa, "Mama, hilo tu? Mmekunywa tope kwa ajili ya hilo?" Yeye alikuwa anachota pale kila siku na kuinama atakavyo, hakuwahi kujiuliza kwa nini yuko peke yake. Akamfunga Nehemiah mgongoni, akachukua debe, akaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya ua najifanya nachuma chinsaga, mboga yenyewe nilikuwa nimeimaliza kuchuma jana yake, nilichuma magugu.

Nikasikia anasema, "Mume wangu, habari ya mke mdogo?"

"Mke mdogo gani?"

"Huyu wa chuma. Uliniahidi mimi, kumbe umeoa mfereji. Unamlinda kutwa hata huji kunisalimu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Huyu ni bora kuliko wewe. Nikimfunga ananyamaza."

"Basi ndiyo maana wake za wanao hawaji. Wanasema hawawezi kuingia nyumbani kwa baba mkwe wao."

"Nyumbani wapi? Hapa ni njiani."

"Palipo kigoda chako si ndipo nyumbani kwako?"

Mama, nikamwona anakitazama kigoda chake. Kisha mzee akasema polepole, "Lakini mimi huwapa mgongo."

"Mume wangu, mgongo wako unajulikana mlima mzima. Hata ukiwa umegeuka, ni wewe."

"Wanachota wapi?"

"Ensoko. Tope."

"Wote?"

"Wote. Kwa heshima yako."

Nikamwona ameinuka. Nilifikiri atakasirika, nikashika ua. Hakukasirika. Alisimama anatazama ile njia ya pareto tunayopita, nayo imekanyagwa ikawa nyeupe, na yeye alikuwa ameipa mgongo siku zote kwa adabu. Akasema, "Heshima yangu imewanywesha watoto tope." Akachukua kigoda chake, akakitia kwapani, akaingia ndani.

Loice hakumwacha. Alimfuata na ugali wa jioni akamweleza habari ya jicho la maji, kwamba tangi la simiti huko juu halina ua, na ng'ombe wa mtu fulani wameonekana wakikojoa hapo. Jambo hilo lilikuwa kweli, ng'ombe walikuwa wa Thadeus.

Siku ya kamati mzee alifika mwenyewe kabla mume wangu hajafungua kinywa. Akagonga fimbo chini akasema, "Nimechoka kukaa kwenye mkia wa maji kama kupe. Nataka kukaa kichwani." Hakuna aliyeulizwa kitu, hakuna aliyeaibika. Thadeus akapiga makofi kwanza, hajajua ng'ombe wake ndio wa kwanza kufukuzwa. Hapo baba watoto akapata nguvu akasimama, akasema kamati isiyobeba debe haiwezi kujua mfereji ukae wapi. Wazee wakanong'ona. Mzee akasema, "Mwanangu amesema." Basi nikaingizwa mimi kwenye kamati, na Nyanchera pia, kwa sababu walisema mwenye kusingizia maji aje ayalinde.

Risaga ikaitwa tena. Ua wa miti ukapandwa kuzunguka jicho la maji siku moja, Waadventista na Wakatoliki pamoja, ilikuwa Jumatano. Na sisi wanawake tukapanga mawe chini ya mfereji na jiwe pana la kuwekea debe, mtu asiiname tena kama anatafuta sindano. Raba ya mfereji ilipolegea nikashika spana, Thadeus akaja mbio, "Mama, taratibu, utavunja chuma cha serikali." Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi hukamua ng'ombe mwenye mateke. Huyu hana hata miguu." Spana sasa inakaa kwangu, inaning'inia juu ya moto penye chumvi.

Afisa alirudi wimbi likiwa limevunwa, siku ya Ijumaa. Mama, nilitamani uwepo! Mstari ulitoka mferejini ukapita lango la mzee mpaka kwenye shamba la chai, madebe yanang'aa, watoto wananawishwa kwa nguvu, Abigael amekunja nguo mpaka magotini anacheka na mdomo wazi, huyo huyo wa haya. Nyanchera akamfuata afisa mwenyewe, akasema, "Bwana, maji hayanuki. Aliyekuwa ananuka ni mimi, kwa hofu." Afisa akacheka akasema chupa ilimwambia hivyo tangu zamani. Mabomba hayang'olewi. Tena amesema yaliyobaki yatafikishwa shuleni.

Na mzee? Yuko juu kilimani na kigoda chake, uso ameuelekeza kwetu sasa, kwa kuwa kutoka kule hatuonekani vizuri, anatusikia tu. Alimwambia Loice siku alipokwenda kumuaga, "Mke wangu, nikiwasikia huko chini wanapiga kelele najua maji yanafika. Wakinyamaza, ndipo nitashtuka nikague bomba." Kwa hiyo tunacheka kwa bidii, Mama, ni kazi ya kamati.

Safari hii jina langu usilifiche. Ni Eucabeth, mke wa Ombati, mshika spana.

Sasa neno la haraka. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wamepata harambee yao, na wake zao wamenijia jana wakikimbia. Kamati yao imekaa, wanaume watupu, na imeshachagua mahali pa mfereji, mlangoni kwa mzee wao anayeheshimiwa kuliko wote, ili aulinde. Na Loice, ambaye angewafundisha wajukuu wao namna ya kusema, ameshaondoka. Wachimbaji wanaanza Jumatatu. Chapisha barua hii upesi, Mama, na unijibu upesi, gazeti lifike kabla ya majembe.